Majeruhi wa Barabara ya Mara na Haki Isiyodaiwa

Barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda mpaka wa Sirari huingia Mkoa wa Mara ikipita kando ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ikakata mji wa Bunda katikati, ikapanda kupitia Kiabakari hadi Makutano. Hapo safari hugawanyika. Wa Musoma mjini hushika njia yao, wa Butiama yao, na barabara yenyewe huendelea hadi daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, kisha Tarime. Njia hiyo moja, yenye upana wa gari moja kila upande, hubeba mabasi ya mikoani, malori yaendayo Kenya, Noah na Probox za abiria wa vijiji, bodaboda, baiskeli zenye magunia ya mkaa, wanafunzi wanaotembea pembezoni na ng'ombe wanaopelekwa kunywa maji. Kila mmoja ana haki ya kuitumia, na hakuna ukuta kati ya mtembea kwa miguu na basi linalokimbia.

Mnamo Septemba 5, 2014, katika eneo la Sabasaba wilayani Butiama, mabasi mawili ya abiria yaligongana uso kwa uso, na gari dogo moja likahusika pia. Watu zaidi ya 35 walipoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Mkoa mzima ulilia. Rambirambi za Serikali zilitolewa, majeneza yakasafirishwa, na kwa siku kadhaa taifa likazungumzia mwendokasi. Ajali kama ile hukumbukwa kwa idadi ya waliokufa. Waliobaki hai wakiwa wamevunjika nyonga, wamekatwa mguu au wamepigwa kichwani na kupoteza kumbukumbu hawana siku ya kumbukumbu. Wao huendelea kulipa gharama za ajali kwa miaka mingi, na mara nyingi hulipa wenyewe, kwa kuuza shamba au ng'ombe wa familia, huku sheria ikiwa imekwisha kusema nani alipaswa kulipa.

Sheria za Tanzania zinawataja watu watatu nyuma ya kila gari linaloumiza mtu: dereva aliyeliendesha, mmiliki aliyempa, na kampuni ya bima iliyoliandikia hati. Kwa desturi iliyozoeleka, Mara kama kwingineko nchini, mzigo wote huangushwa kwa dereva. Akikamatwa na kufungwa, ndugu wa majeruhi huona kesi imekwisha. Tajiri, yaani mwenye gari, hununua gari jingine, bima haijaulizwa neno, na aliyevunjika mguu yuko nyumbani akisubiri huruma. Kasoro hiyo inagusa haki za waliokwisha kuumia, na pia inachochea ajali zijazo, kwa sababu mwenye gari asiyelipa chochote hana sababu ya kubadili namna anavyoiendesha biashara yake.

Mazingira ya kazi ya dereva yanaonyesha jinsi hatari inavyotengenezwa kabla gari halijawashwa. Dereva wa Noah kati ya Bunda na Musoma kwa kawaida hana mshahara wa kueleweka. Ana hesabu: kiasi ambacho lazima kifike mkononi kwa tajiri kila jioni, mafuta yakiwa juu yake. Kinachozidi ndicho chake na cha kondakta. Kwa mpangilio huo kila dakika aliyosimama kituoni ni fedha yake inayopotea, na kila abiria wa ziada aliyebanwa mlangoni ni chakula cha nyumbani kwake. Akichoka humpa usukani deiwaka, kijana anayesubiri kijiweni apate zamu ya saa chache, ambaye leseni yake haijakaguliwa na mtu yeyote. Katika hali hiyo, kumhubiria dereva juu ya subira hakutoshi. Aliyepanga hesabu ndiye aliyepanga mwendo.

Madereva wenyewe wamelisema hilo hadharani. Mwaka 2015, mwezi Aprili na tena Mei, madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Walikuwa wakipinga agizo la kurudi darasani kila wanapohuisha leseni, lakini katika madai yao walitaka pia mikataba ya ajira. Dai la mikataba lilikuwa dai la usalama. Dereva mwenye mkataba anaweza kukataa kuondoka na gari lenye breki mbovu bila kuogopa kwamba kesho atakuta mwingine amekaa kwenye kiti chake. Asiye na mkataba huondoka nalo.

Kwa mabasi ya masafa marefu, kama yale ya Musoma hadi Dar es Salaam yanayotembea zaidi ya kilomita 1,000, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inataka safari inayozidi saa 8 iwe na madereva wawili. Mabasi yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na dereva hujitambulisha kwa kitufe maalumu ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo la miaka mingi. Uamuzi huo umewafaa wafanyabiashara na wagonjwa wanaowahi hospitali, ila umeongeza uzito wa sharti la dereva wa pili. Dereva wa pili anayelala kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na injini, akiamshwa saa 9 usiku baada ya kusinzia kwa vipande, ameingia kazini akiwa tayari amechoka. Kuwepo kwake kwenye karatasi hakumlindi abiria yeyote.

Juu ya mwendo, hesabu ni rahisi na haina huruma. Gari la abiria nje ya makazi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50. Kwa mwendo wa 80, gari husogea mita 22 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara Kiabakari, dereva huhitaji angalau sekunde moja ili ubongo uone na mguu ufike kwenye breki. Mita hizo 22 huisha kabla breki haijashika. Kwa 100 zinakuwa karibu 28. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali yenye kifo huongezeka kwa asilimia 4. Tochi za trafiki za kupima mwendo zimesaidia kuupunguza pale zinapokuwepo, lakini madereva hupeana ishara za taa, na kilomita chache mbele ya tochi mguu hurudi kwenye mafuta. Faini iliyozoeleka ya Sh30,000 kwa kosa hulipwa na dereva kutoka kwenye kile kilichozidi hesabu. Ili kuirudisha, lazima akimbie zaidi.

Kwa pombe, kiwango cha kisheria kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kwa dereva wa gari la biashara au la abiria pombe haitakiwi hata kidogo. Kwa mkanda, sheria kwa miaka mingi imemtaja dereva na abiria wa kiti cha mbele tu, ingawa aliye nyuma bila mkanda hurushwa na kumvunja shingo aliye mbele yake. Bodaboda ana tatizo la kofia ngumu moja, tena kichwani kwa dereva, au imening'inizwa kwenye usukani ikisubiri trafiki aonekane. Abiria wake, ambaye mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, hana kitu. Mwaka 2021 faini za bodaboda na bajaji zilishushwa kutoka Sh30,000 hadi Sh10,000, hatua iliyowapa nafuu vijana wengi. Nafuu hiyo ingekuwa na maana kubwa zaidi kama tofauti ya Sh20,000 ingeonekana kwenye kofia ya pili.

Ajali ikitokea, sheria inamtaka dereva asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa polisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaliweka jambo hilo kama wajibu, wala halitegemei wema wa mtu. Dereva anayekimbia kwa kuhofia kupigwa na wananchi anaweza kwenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kujisalimisha. Hofu yake inaeleweka, kwa sababu kuna madereva waliouawa barabarani na watu wenye hasira kabla hata haijajulikana nani alikosea. Kumpiga dereva ni jinai, na pia humnyima majeruhi shahidi muhimu kuliko wote.

Saa ya kwanza huamua mengi. Majeruhi wengi wa barabara hii hubebwa na magari ya wapita njia, wakiwa wamekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha Probox, na uti wa mgongo uliokuwa na ufa huweza kukatika njiani. Walio karibu na Bunda hupelekwa hospitali za huko. Wa Butiama na Musoma hupelekwa hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, ambayo wenyeji huiita Kwangwa. Wenye majeraha mazito ya kichwa wameendelea kupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, umbali wa zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma. Kila hatua ina gharama, na kila gharama ina karatasi.

Karatasi ya kwanza ni PF3, fomu ya polisi inayomruhusu daktari kuandika majeraha kwa ajili ya ushahidi. Imezoeleka kama kibali cha kutibiwa, na hapo ndipo watu hufia mapokezini ndugu wakikimbizana na fomu. Anayevuja damu atibiwe kwanza, PF3 ifuate. Lakini isiachwe kabisa. Daktari akijaza kwamba mfupa wa paja umevunjika, kwamba majeraha ni makubwa, kwamba ulemavu unatarajiwa, maneno hayo machache ndiyo yatakayosimama mahakamani miaka 2 baadaye, kovu likiwa limefunga na shahidi amehamia Geita.

Kisha hufuata kesi, na hapa ndipo wananchi wengi hupotea. Ajali moja huzaa mambo mawili tofauti kisheria. La kwanza ni la jinai: Jamhuri dhidi ya dereva, kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo au majeraha. Polisi wa usalama barabarani huchora ramani ya tukio, hukagua gari, huchukua maelezo, na mwendesha mashtaka hulipeleka shauri mahakamani. Majeruhi katika kesi hiyo ni shahidi tu. Dereva akitozwa faini, fedha huenda serikalini. Akifungwa, mguu wa majeruhi haujaunganishwa. La pili ni la madai: majeruhi mwenyewe dhidi ya dereva, mmiliki na, kwa njia itakayoelezwa, bima. Kesi hii hakuna atakayeifungua kwa niaba yake. Asipoifungua, haipo.

Mambo hayo mawili hata hivyo yanasaidiana. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai iliyomtia dereva hatiani, muda wa rufaa ukiisha, huchukuliwa kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile. Mwenye kudai fidia hana haja ya kuanza upya kuthibitisha uzembe. Ndiyo maana nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki, hata ile ambayo dereva alikiri siku ya kwanza na kulipa faini haraka ili arudi kazini, ni mali. Aliyeumia na aiombe katika mahakama iliyosikiliza kesi, iwe Bunda, Butiama au Musoma, kabla jalada halijarudishwa masjala na kusahaulika.

Mmiliki huingia kwa kanuni ya zamani na ya haki: anayemtuma mtu kazi kwa faida yake hubeba madhara ya kazi hiyo. Tajiri hawezi kujitetea kwa kusema hakuwepo kwenye usukani. Dereva alikuwa akiitafuta hesabu yake. Jina la mmiliki halisi hupatikana kwenye usajili wa gari, na ni muhimu lihakikishwe mapema, maana magari mengi huuzwa kwa mkono bila kubadilishwa kadi, na majeruhi akamshtaki mtu aliyeliuza miaka 3 iliyopita.

Bima ndiyo sehemu ambayo ingepaswa kuwa kimbilio. Wazo lake lilitoka Uingereza, ambako mwaka 1930 bunge lililazimisha kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, baada ya kuonekana kwamba hukumu za fidia dhidi ya madereva maskini hazikuwa na thamani ya karatasi zilizoandikiwa. Tanganyika iliipokea sheria ya namna hiyo wakati wa ukoloni, na leo ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kutumia gari barabarani bila bima hiyo ni kosa. Wenye magari huiita bima ndogo, na jina hilo limewafanya waione kama stika ya kumtuliza trafiki. Kwa majeruhi ni bima kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndiyo peke yake iliyoandikwa kwa ajili yake.

Utaratibu wake una mtego mmoja. Kwa kawaida majeruhi hana mkataba na kampuni ya bima, hivyo hupata kwanza hukumu dhidi ya mwenye gari, kisha sheria huilazimisha kampuni iilipe hukumu hiyo. Sharti ni kwamba kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi, kabla haijafunguliwa au mara tu baada ya kufunguliwa. Mwanasheria mzembe asiyetuma taarifa hiyo anaweza kushinda kesi na mteja wake asipate hata senti. Zaidi ya hapo, kampuni haiwezi kumkwepa majeruhi kwa kisingizio tu kwamba ingeweza kuivunja hati kwa sababu mteja wake alidanganya jambo fulani. Imlipe aliyeumia, kisha igeuke kumdai mteja wake. Madai mengi humalizika bila kufika mahakamani, kwa kupeleka nyaraka kwenye kampuni na kukubaliana kiasi. Kampuni ikichelewesha au ikitoa kiasi cha kudhalilisha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na inayotoa huduma bila malipo, na vilevile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mfumo wa TIRA huwezesha kuhakiki stika kwa namba ya gari. Hatua hiyo ya dakika moja kwenye simu hutenganisha bima ya kweli na stika iliyochapishwa uchochoroni.

Wapo ambao bima hii haikuwalenga. Sheria inalazimisha ulinzi wa abiria kwa magari yanayobeba abiria kwa nauli. Aliyepanda juu ya magunia kwenye lori la mizigo akitoka mnadani, au aliyepewa lifti ya bure, anaweza kukuta hati ya bima haimtaji kabisa, akabaki na haki dhidi ya mmiliki pekee. Vilevile tiketi ina uzito. Abiria mwenye tiketi yenye jina lake hana ubishi wa kuthibitisha kwamba alikuwemo ndani ya basi. Wengi huitupa dirishani kabla ya kufika mji wa Lamadi, njiani kwenda Mwanza.

Kiasi cha fidia hutegemea ushahidi, na Mahakama ya Rufani imekuwa na msimamo usioyumba: hasara mahususi, kama gharama za matibabu, usafiri na kipato kilichopotea, lazima itajwe kwa kiasi chake kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Neno la mdomo kwamba fedha nyingi zilitumika halitoshi. Kwenye wodi za majeruhi ndugu huonekana wakiwa na mfuko chini ya kitanda: risiti za dawa zilizofifia wino, picha ya eksirei, karatasi ya plasta, tiketi ya basi la kwenda Bugando. Mfuko huo ndio kesi yenyewe. Risiti za mashine hufutika kwa joto, kwa hiyo zipigwe picha na nakala zake zitunzwe siku ileile. Maumivu, ulemavu na kupotea kwa raha ya maisha hulipwa kama fidia ya jumla, ambayo hakimu huipima mwenyewe akiongozwa na ripoti ya daktari kuhusu kiwango cha ulemavu.

Ugumu mkubwa ni kuthibitisha kipato cha mtu asiye na mshahara. Mvuvi wa Musoma, mkulima wa pamba wa Bunda na mama muuza dagaa hawana hati ya malipo ya mwezi. Hilo halimaanishi kwamba hawakuwa na kipato, wala mahakama haikatazi kukithibitisha kwa njia nyingine. Stakabadhi za mauzo ya pamba kutoka chama cha ushirika cha mazao (AMCOS), leseni ya uvuvi na maelezo ya viongozi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU), taarifa ya miamala ya simu ya miezi kadhaa, daftari la mikopo la kikoba: vyote ni ushahidi. Wakili anayemfungulia mvuvi madai bila kuvitafuta amemfanya mteja wake aonekane mtu aliyekuwa hafanyi kazi.

Majeruhi mwenyewe akiwa na sehemu ya kosa, kwa mfano aliyekatiza barabara usiku akiwa amelewa, haki yake haifutiki. Sheria huruhusu mahakama kugawa lawama na kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wake. Ni muhimu kujulikana hivyo, kwa sababu watu wengi hukata tamaa baada ya kuambiwa na mtu kituoni kwamba walikosea wenyewe.

Pale ajali inapoua, haki ya kudai haifi na marehemu. Sheria ya mabadiliko kuhusu ajali zenye vifo, Sura ya 310, inawapa mke au mume, watoto na wazazi waliomtegemea haki ya kudai walichopoteza, na inaruhusu madai ya marehemu mwenyewe yaendelezwe kwa faida ya mirathi yake. Familia huanza kwa kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, kisha Mahakama ya Mwanzo humthibitisha. Hapa wajane wengi wameumizwa mara ya pili. Msimamizi akiwa kaka wa marehemu na fidia ikalipwa kwenye akaunti yake, watoto huweza wasiione. Mjane ana haki ya kuomba usimamizi yeye mwenyewe, na mahakama haifungwi na pendekezo la kikao.

Kabla ya hayo yote, huja wajumbe wa tajiri. Hufika msibani au wodini wakiwa na maneno mazuri, fedha za jeneza au za dawa, na karatasi ya kusaini. Kupokea rambirambi ni desturi njema, na mwenye gari anayejitokeza mapema anastahili heshima. Karatasi ni jambo jingine. Ikiandikwa kwamba familia imeridhika na haitadai chochote tena, inaweza kutumika kuzima madai ya mamilioni kwa gharama ya sanduku na usafiri wa maiti. Kosa la jinai halimalizwi kwa karatasi hiyo, lakini fidia huweza kumalizwa. Busara ni kupokea, kuandikishana kiasi kilichopokelewa kama mchango, na kukataa kusaini kitu kingine chochote mpaka hali ya majeruhi ijulikane. Aliyevunjika nyonga hawezi kujua wiki ya pili kama atatembea.

Muda nao una ukomo. Madai ya madhara ya namna hii kwa kawaida yafunguliwe ndani ya miaka 3. Kwa majeruhi aliyelazwa miezi kadhaa na kusubiri upasuaji wa pili, miaka hiyo ni mifupi. Gari likiwa la Serikali au la halmashauri, taarifa ya kusudio la kushtaki ya siku 90 lazima itangulie, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama hiyo sasa ina kanda yake Musoma, na wakazi wa Mara hawalazimiki tena kwenda Mwanza. Lori la Kenya likimuumiza mtu upande wa Tanzania, itafutwe Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa katika jumuiya ya COMESA mwaka 2000 lakini imeendelea kushiriki katika mpango huo wa bima ya kuvuka mipaka. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Dereva na kondakta nao huumia, na kwa kuwa wamezoeleka kulaumiwa, hakuna anayewauliza habari ya haki zao. Wao ni wafanyakazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008, humhudumia mfanyakazi aliyeumia kazini bila kuuliza kwanza nani alikosea. Unachangiwa na mwajiri pekee, na ni kosa kumkata mfanyakazi. Tajiri asiyewasajili watu wake amevunja sheria, lakini deiwaka asiye na hata ujumbe wa simu wa kuonyesha kwamba alipewa kazi siku ile atapata shida kubwa kuthibitisha ajira. Hapa thamani ya mkataba ambao madereva waliudai kwa mgomo mwaka 2015 inaonekana kwa macho.

Kundi la mwisho ndilo lenye mlango mwembamba kuliko yote: waliogongwa na gari lililokimbia. Mfumo wa bima ya lazima umejengwa juu ya gari linalojulikana. Mtembea kwa miguu aliyekutwa pembezoni mwa lami alfajiri kati ya Bunda na Kiabakari, bila namba ya gari wala shahidi, hana wa kumshtaki. Afrika Kusini ina Mfuko wa Ajali za Barabarani unaogharimiwa na tozo ya mafuta, na unawapokea hata walioumizwa na gari lisilojulikana, japo umelemewa na madeni. Ghana ina mfuko mdogo zaidi, unaosimamiwa na mamlaka yake ya bima. Tanzania tayari hutoza tozo katika kila lita ya mafuta kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Sehemu ndogo ya tozo hiyo, au mchango mdogo katika kila stika ya bima, ikitengwa kwa majeruhi wa namna hii, ingelipia kitanda, damu na upasuaji wao. Mfuko huo uanze kwa kuzilipa hospitali moja kwa moja, kwa kiwango kilichopangwa, na ripoti ya polisi pamoja na PF3 zitoshe kuwa uthibitisho, ili mgonjwa asiye na fahamu asihitaji kuwa na ndugu mwenye fedha ndipo apelekwe chumba cha upasuaji.